Unataka Kuwa Mtafiti wa Lishe ya Mifugo? Anza kwa Kupima Mabaki

Ukipita Dodoma au Kajiado mwezi wa tisa, utaona ng'ombe wamesimama kwenye majani yanayowafika magotini huku mbavu zao zinahesabika. Mgeni hushangaa, majani si yapo? Yapo, ila yamekauka na protini yake imeshuka. Protini ghafi ikiwa chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinavyoishi kwenye rumeni, lile tumbo la kwanza ambalo likishaoshwa kwa ajili ya supu watu huliita taulo, hukosa nitrojeni ya kujijenga. Vikipungua, nyuzinyuzi hazimeng'enywi upesi, tumbo linabaki limejaa, na mnyama anaacha kula angali na njaa. Muda wote huo anaendelea kutoa methani. Methani hiyo hutoka zaidi kwa mbweu, si kwa mashuzi kama watu wanavyotania, na inaondoka na nishati ambayo ingekuwa maziwa.

Kutafuta njia ya kumlisha ng'ombe huyo bila kumfilisi mwenye ng'ombe na bila kuharibu hewa ni kazi ya maisha, na inalipa mshahara. Mwongozo huu ni wa kijana wa Afrika Mashariki anayetaka kuifanya kazi hiyo chuoni au kwenye taasisi ya utafiti. Nimeegemea zaidi Tanzania, ila sehemu kubwa inamfaa pia wa Kenya na majirani.

Hatua ya 1: Jua neno "endelevu" linadai nini

Siku hizi kila andiko la kuomba fedha lina neno hili, kwa hiyo usilipite haraka. Kwenye lishe ya mifugo lina madai matatu, na mara nyingi yanagombana.

Dai la kwanza ni kwamba mnyama asimnyang'anye binadamu chakula. Mahindi, soya na dagaa ni vya watu pia. Mabua, pumba, mashudu ya alizeti na majani ya miti si vya watu, na ng'ombe, mbuzi na kondoo wana matumbo ya kuvigeuza kuwa nyama na maziwa. Dai la pili ni gesi. Ng'ombe hupoteza kati ya asilimia 2 na 12 ya nishati yote aliyokula kama methani, na kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto takriban mara 27 au 28 ya kilo moja ya hewa ukaa, ukipiga hesabu ya miaka 100. Dai la tatu ni mfuko wa mfugaji.

Chukua ng'ombe wawili, mmoja wa lita 2 kwa siku na mwingine wa lita 12. Huyu wa lita 12 anakula zaidi, kwa hiyo kwa siku anatoa methani nyingi kuliko mwenzake. Ukigawa kwa kila lita ya maziwa, yeye ndiye mwenye methani kidogo. Je, kuboresha chakula kumepunguza gesi? Kama mfugaji atabaki na ng'ombe wachache wenye maziwa mengi, ndiyo. Kama atatumia faida kununua ng'ombe wengine kumi, sijui tutakuwa tumepunguza nini. Andaa jibu lako mapema, maana mtahini atakuuliza.

Hatua ya 2: Ingia kwa mlango wowote, ila ingia na kemia

Kwa Tanzania, michepuo ya kidato cha sita ya CBG, PCB na CBA, yote yenye kemia na biolojia, inakufikisha. Shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyama huchukua miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, ambacho kimekuwa chuo kikuu kamili tangu 1984, ndicho wengi wetu tulichopitia. Kenya kuna Egerton kule Njoro, na Chuo Kikuu cha Nairobi kwenye kampasi yake ya Kabete. Udaktari wa mifugo nao unafaa, lakini ni miaka mitano, na daktari akishaanza kuitwa usiku kuzalisha ng'ombe, utafiti husubiri sana.

Kama alama za kidato cha sita hazikutosha, pitia stashahada kwenye kampasi za LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, kama Tengeru au Mpwapwa. Wengine huiona njia hii kama aibu. Mimi naona kinyume: waliotoka huko wanajua kumshika ng'ombe, kumfunga kamba na kumpima bila kumtisha, na kwenye jaribio la wiki kumi na mbili ujuzi huo unazidi alama ya A ya hesabu.

Jambo moja la kuliweka kichwani tangu muhula wa kwanza: nafasi ya TA (Tutorial Assistant), yaani ngazi ya chini kabisa ya wanataaluma kwenye vyuo vya umma Tanzania, huhitaji GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza. Wengi huligundua hili mwaka wa tatu wakiwa na 3.6.

Hatua ya 3: Kaa maabara mpaka nguo zinuke

Vipimo vya chakula cha mifugo ni vya zamani, na hiyo ni bahati kwako, kwa kuwa maabara nyingi za kwetu zinaviweza. Mfumo wa uchambuzi wa msingi ulitoka Weende, Ujerumani, miaka ya 1860. Kipimo cha nitrojeni kilibuniwa na Johan Kjeldahl mwaka 1883 kwenye maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Ndiyo, ile ya bia. Uchambuzi wa nyuzinyuzi kwa kutumia sabuni za kemikali ulikuja miaka ya 1960 kupitia Peter Van Soest, Mmarekani aliyeona kwamba njia ya Weende inawadanganya watu kuhusu majani.

Jifunze kila kipimo kwa mikono yako, kisha ujue kinakosea wapi. Njia ya Kjeldahl haipimi protini, inapima nitrojeni. Wewe ndiye unayezidisha kwa 6.25 ukiamini kwamba nitrojeni yote ni ya protini. Mtu akichanganya urea kwenye gunia la pumba, mashine itakupa "protini" nzuri ya kushangaza. Kuku akila gunia hilo hatanenepa.

Kosa kubwa zaidi hutokea kabla ya maabara, kwenye kuchukua sampuli. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia moja umepima kiganja hicho tu. Chota kwenye magunia kadhaa, juu, katikati na chini, changanya kwenye turubai safi, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya tena, rudia mpaka ubaki na kiasi cha mfuko mdogo. Majani mabichi yakaushe kwenye oveni kwa nyuzijoto 60 hadi 65, yasiungue, kisha saga kwa chekeche la milimita 1. Andika lebo kwa penseli, kwa sababu wino hufutika mfuko ukiloa.

Takwimu jifunze kwa programu ya R. Ni ya bure, na vitabu vya kuifundisha vimejaa intaneti. Usisubiri mwaka wa tasnifu.

Hatua ya 4: Tafuta swali horini, si kwenye majarida

Wanafunzi wengi hunijia na mada iliyokwisha kufanyiwa kazi mara hamsini: jani fulani likitiwa kwenye chakula cha mbuzi, mbuzi ananenepa. Bila shaka atanenepa, umempa chakula.

Tembea kwanza. Wasukuma wamekuwa wakitenga ngitili, malisho yanayofungwa masika ili yaliwe kiangazi, na Wamaasai wana alalili, malisho wanayoyatengea ndama na mifugo wagonjwa. Huo ni utafiti wa lishe uliofanywa na watu wasio na maabara, na maswali yamejaa humo. Ngitili ifungwe siku ngapi kabla protini haijaanguka? Ndani yake kuna miti gani ambayo mbuzi huisogelea kwanza?

Kisha uliza kwa nini kinachojulikana hakitumiki. Mabua na majani makavu hulainishwa kwa urea: kilo 4 hadi 5 kwa kilo 100 za majani, zikiwa zimeyeyushwa vizuri kwenye maji, yanafunikwa yasipitishe hewa kwa wiki tatu hivi. Mambo haya yanafundishwa kwa miongo mingi. Pita vijijini uhesabu wanaofanya. Urea ina bei, plastiki ina bei, maji ya kiangazi hubebwa kichwani, na urea ikikosewa kuchanganywa inaua ng'ombe. Anayeweza kupata njia inayofanya kazi hiyohiyo kwa nusu ya shida ana swali la uzamivu.

Maeneo mengine yenye maswali hai ni sumukuvu, kwa kuwa aflatoksini B1, sumu ya kuvu iliyo kwenye mashudu au pumba, hugeuzwa mwilini mwa ng'ombe na kumfikia mnywaji kama aflatoksini M1 kwenye maziwa, na kikomo cha Umoja wa Ulaya cha M1 ni mikrogramu 0.05 kwa kilo ya maziwa wakati Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu 0.5. Kuna pia funza wa nzi chuma kama mbadala wa dagaa kwenye chakula cha kuku, mabibo yanayooza chini ya mikorosho Mtwara, na matete yaliyoshambuliwa na magonjwa kiasi cha kuwafanya wafugaji watafute nyasi nyingine kama brakiaria.

Hatua ya 5: Chagua msimamizi kabla ya chuo

Kwa uzamili na uzamivu, jina la chuo lina uzito, lakini mtu atakayesoma rasimu zako ana uzito zaidi. Soma makala zake tatu za karibuni. Tafuta waliokuwa wanafunzi wake uwaulize mambo mawili tu: anajibu barua pepe ndani ya muda gani, na wangapi walimaliza. Profesa mwenye sifa na wanafunzi kumi na watano waliokwama hakufai.

Nje ya eneo letu, Wageningen ya Uholanzi na Hohenheim ya Ujerumani zina historia ndefu ya lishe ya wanyama wa nchi za joto. Barua ya kwanza iwe fupi: swali lako, kwa nini yeye, na umeshafanya nini kwa mikono. Usiandike "Dear Sir/Madam" kwa mtu ambaye jina lake unalijua.

Fedha tafuta DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ambalo lina ufadhili wa kusomea ndani ya kanda pia, ufadhili wa Jumuiya ya Madola, Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, na RUFORUM, mtandao wa vyuo wenye makao yake Kampala. Wanawake waangalie pia AWARD, programu ya kuwainua wanawake watafiti wa kilimo Afrika, iliyoanza 2008 Nairobi. Anza kuandaa nyaraka mwaka mzima kabla. Cheti cha kuzaliwa chenye jina lililokosewa herufi moja kimewahi kumnyima mtu ninayemfahamu safari.

Hatua ya 6: Jaribio lenyewe

Hapa ndipo kazi inaposimama au kuanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na vibali: kamati ya maadili ya wanyama ya chuo chako, na kwa Kenya leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tanzania uliza ofisi ya utafiti ya chuo kama kazi yako inahitaji kupita COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Usinunue mnyama kabla ya karatasi.

Kama huna fedha za ng'ombe thelathini, jifunze mpangilio wa mraba wa Kilatini. Unakuwa na ng'ombe 4, vyakula 4 na vipindi 4, na kila ng'ombe anapitia kila chakula. Ukiweka siku 14 za kuzoea na 7 za kupima, kila kipindi ni siku 21, jumla siku 84. Kwa ng'ombe wanne tu unapata majibu yanayokubalika, ilimradi hakuna atakayeugua katikati.

Sasa kosa linaloua makala nyingi zinazotoka kwetu. Ng'ombe kumi wanaokula kwenye hori moja si vipimo kumi vya ulaji. Ni kimoja. Kama chakula A kiko zizi la kushoto na chakula B zizi la kulia, umelinganisha mazizi mawili, hata uwajaze ng'ombe mia. Kila mnyama awe na hori lake, au uwe na mazizi mengi madogo.

Halafu mabaki. Ulaji ni ulichotoa ukitoa kilichobaki, na kilichobaki hakifanani na ulichotoa. Mbuzi huchambua majani laini na kuacha mashina. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chakula kipya, kusanya mabaki ya kila mnyama, yapime, chukua sampuli, yapeleke maabara kama ulivyopeleka chakula chenyewe. Mpe mnyama ziada ya asilimia 10 hivi, maana hori likikutwa tupu hujui angekula kiasi gani.

Kwenye jaribio langu la uzamili nilipima chakula cha kutoa kwa uangalifu wote, nikamwachia kijana wa zizi kazi ya mabaki. Wiki ya tatu nikaona kitu cha ajabu: mbuzi wangu wanakula kila kitu, hata mashina. Nikafurahi, nikaanza hata kuandika sentensi za kusifu chakula changu. Asubuhi moja nikawahi saa kumi na moja na nusu. Nikamkuta kijana anabeba mabaki kwenye kiroba kwenda kwa mbuzi wa jirani, ambaye alikuwa akimlipa kidogo. Kipindi kizima kikapotea. Sikumlaumu sana, mshahara wake ulikuwa umecheleweshwa miezi miwili na mimi sikuwa nimewahi kumweleza mabaki ni ya nini. Tangu hapo mhudumu wa zizi huketi nasi siku ya kwanza, anaelezwa jaribio lote, na jina lake linaandikwa kwenye shukrani.

Uzito pima saa ileile ya asubuhi, kabla ya maji na chakula, siku mbili au tatu mfululizo, kisha chukua wastani. Ng'ombe aliyetoka kunywa amebeba ndoo kadhaa tumboni, na wewe utaziandika kama nyama.

Ukipata kituo chenye ng'ombe aliyefanyiwa upasuaji wa kuwekewa tundu la kudumu ubavuni, lenye kizibo cha mpira, unaweza kuning'iniza mifuko ya nailoni yenye chakula ndani ya rumeni na kuitoa kwa saa tofauti, kuona kinavyopungua. Mnyama huyo huishi kama wenzake akitunzwa vizuri, lakini jiandae kuulizwa na wageni wa kituo. Jibu kwa upole kila mara.

Hatua ya 7: Methani, bila kujidanganya

Njia ya uhakika ni kumweka mnyama kwenye chumba kilichozibwa na kupima hewa inayoingia na inayotoka. Vyumba vya namna hiyo vipo kwenye kituo cha Mazingira cha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi. Nyingine ni mashine ya GreenFeed, inayompa ng'ombe chakula kidogo huku ikinusa pumzi yake. Zote ni ghali, na hutazipata bila ushirikiano, kwa hiyo ushirikiano utafute ukiwa bado unaandika pendekezo.

Ya bei nafuu ni sirinji za kioo za ml 100, mbinu iliyotoka Hohenheim. Unaweka chakula kidogo na maji ya rumeni, unazikalisha kwenye joto la nyuzi 39, unasoma gesi. Inafaa kuchuja vyakula ishirini ubaki na vitatu. Haifai kutangaza kwamba umepunguza methani ya ng'ombe, sirinji haina mate, haicheui na haichoki.

Kwa hesabu za taifa, mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ulitoa wastani wa jumla kwa Afrika: kilo 46 za methani kwa mwaka kwa ng'ombe wa maziwa, 31 kwa wengine. Zebu wa Mpwapwa na yule wa Kilimanjaro anayekatiwa majani ya migomba walipewa namba moja. Ndiyo maana vipimo vya kwetu vinatafutwa.

Utaulizwa pia kuhusu mwani. Mwani unaopunguza methani sana ni asparagopsisi, kwa sababu ya kemikali iitwayo bromofomu. Mwani unaolimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989 ni aina nyingine kabisa, unaouzwa kwa ajili ya karagini, kitu cha kugandisha vyakula. Nimesikia mtu akiahidi mkutanoni kwamba wakulima wa Paje wataokoa hali ya hewa, na ukumbi ukapiga makofi. Kiongezi cha chakula kinachoitwa Bovaer, cha kupunguza methani, kilichoidhinishwa Ulaya mwaka 2022, nacho hufanya kazi vizuri kikichanganywa kwenye chakula cha siku nzima. Ng'ombe anayechungwa Monduli kutwa nzima nani atamchanganyia?

Hatua ya 8: Andika, tuma, kataliwa, tuma tena

Makala ya kwanza iandike kutoka kwenye majedwali, si kutoka kwenye utangulizi. Livestock Research for Rural Development ni jarida la bure kusoma na limekuwa mlango wa watafiti wengi wa nchi zetu. Tropical Animal Health and Production ni gumu zaidi. Barua pepe inayokuita "Esteemed Professor" ukiwa bado mwanafunzi na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano, ifute. Wasilisha pia kwenye mikutano ya mwaka ya vyama vya wataalamu wa uzalishaji wa mifugo, TSAP Tanzania au APSK Kenya. Humo ndimo ajira husikika kabla hazijatangazwa. Data za vyakula vya mifugo za kulinganisha utazipata bure kwenye tovuti ya Feedipedia.

Hatua ya 9: Kazi

Chuoni utapanda kutoka TA hadi mhadhiri msaidizi (uzamili, na GPA yake ni 4.0), mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kufundisha madarasa ya wanafunzi mia tatu kutakula muda wa utafiti. Anayependa zizi kuliko ubao aangalie TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo Tanzania, iliyoanzishwa 2012 na yenye vituo kama Mpwapwa, Tanga na Uyole, au KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kwa Kenya. ILRI hulipa vizuri zaidi, kwa mikataba ya mradi, na mradi ukiisha nawe umeisha. Viwanda vya chakula cha kuku huajiri pia, na sioni kwa nini mtafiti aone haya kufanya kazi huko miaka miwili. Huko utajifunza bei.

Hatua ya 10: Rudisha majibu kwa kipimo cha mfugaji

Tasnifu yako itasema gramu kwa kilo ya chakula kikavu. Mama anayefuga ng'ombe wawili Tengeru hana mizani, ana sado na debe. Kabla ya kuandika kijikaratasi cha kugawa, nenda sokoni na mizani yako ukanunue pumba, mashudu na molasi. Jaza sado ya pumba, pima. Jaza ya mashudu, pima. Hazitalingana, na mashudu ya mashine moja hayatalingana na ya mashine ya jirani. Pima sado tano za kila kimoja, andika wastani, kisha mwambie ajaze mbele yako uone kama anasawazisha kwa kiganja au anaacha kilima.